Koki ya Uani

Ilianza kudondosha maji usiku wa kuamkia Jumatatu, wiki ya pili ya masika. Mama ndiye aliyeisikia kwanza. Chumba chake kiko mwisho wa ukumbi, jirani na mlango wa uani, na tangu baba afariki yeye ndiye sikio la nyumba hii. Paka akipita juu ya bati anajua ni paka wa nani. Mpangaji akirudi saa saba usiku anajua kama kavua viatu mlangoni au hakuvua. Asubuhi aliniambia, "Koki ya uani inavuja." Nikaikaza kwa nguvu zangu zote. Tone likaendelea kudondoka. Nikatega ndoo, nikaenda kazini.

Nyumba yetu iko Magomeni. Ni ile nyumba ya Kiswahili ambayo wengi mmekulia ndani yake: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na nyuma yake ua wenye jiko, bafu, choo na kamba ya kuanikia nguo. Babu aliijenga kidogo kidogo, kila alipopata. Bomba la maji alilolivuta ni la chuma, la nusu inchi. Linatoka kwenye mita pembeni ya baraza, linafuata ukuta wa nje mpaka uani, na hakuna aliyewahi kuligusa tangu alipoondoka duniani.

Siku ya pili, kabla haijatimia saa ile niliyotega ndoo, ndoo hiyo ya lita 20 ilikuwa imejaa. Maji tunauziwa kwa uniti, na uniti moja ni lita 1,000, ndoo 50 za aina ile. Koki ilikuwa inatumalizia uniti nzima kila baada ya siku 50 hivi. Kwa hela si mzigo. Lakini Mama alikua akibeba maji kichwani, na ukubwani amepanga madumu alfajiri katika miaka ambayo mabomba ya mtaa yalitoa maji mara moja kwa wiki. Tone lile lilimuuma kama chakula kinachomwagwa mbele ya macho yake. Akawa anaamka usiku kubadilisha ndoo, na maji yale anayamimina kwenye pipa la kufulia asipotee hata kikombe. Ana miaka 74, na uani usiku wa masika kunateleza. Ndipo nikaanza kutafuta fundi.

Mtu akipita mtaani kwetu ataapa kwamba mafundi wamejaa. Kila nguzo ya umeme imeandikwa FUNDI BOMBA kwa rangi nyekundu na namba ya simu chini yake. Mbele ya duka la vifaa vya ujenzi kuna kijiwe cha mafundi, spana zao zimepangwa chini juu ya gunia. Nilipiga namba nne. Wa kwanza aliuliza, "Kazi gani, dada?" Koki inavuja. "Koki moja?" Moja. "Basi nitakutafuta." Hakunitafuta. Wa pili alikuwa saiti Bunju mpaka mwisho wa mwezi. Wa tatu hakupokea. Wa nne alisema yuko njiani, ameshafika Manzese, na kutoka Manzese mpaka kwetu kwa mwendokasi hata hujakaa vizuri kwenye kiti. Nilimngoja tangu saa nne asubuhi. Alasiri akapiga: amekwama kidogo, kesho asubuhi na mapema. Siku ile niliyoomba ruhusa kazini kwa kubembeleza iliishia barazani, simu mkononi.

Nikaenda kijiweni mwenyewe. Nikarudi na kijana mmoja mchangamfu, mwenye heshima, aliyempigia Mama magoti kidogo alipomwamkia. Tulikubaliana shilingi 10,000 pamoja na washa. Alifanya jambo la kwanza ambalo fundi yeyote angelifanya: akaenda kwenye mita afunge koki kubwa, ili maji yasije yakamrukia. Koki kubwa haikugeuka. Ilikuwa imekaa wazi miaka mingi, imeshikana na kutu. Akatia spana. Haikugeuka. Akachomeka kipande cha bomba kwenye mkono wa spana apate nguvu zaidi. Nilimwambia, "Taratibu, fundi." Akasema, "Usijali, dada." Kisha nikasikia mlio kama wa muwa unaovunjwa gotini.

Koki haikufunga. Bomba la chuma, nyuma tu ya ile koki, lilipasuka kwenye nyuzi zake, na maji yakaruka mpaka kwenye dirisha la mpangaji wa chumba cha mbele. Watoto wa mtaa walikuja kuoga. Kijana alihangaika kweli, sitaki kumsingizia uvivu. Alilala kifudifudi kwenye tope, akachonga kijiti cha mti, akakigongomea, akazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli kwa nguvu mpaka maji yakapungua kuwa mchirizi. Ilikuwa magharibi. Akasema kunahitajika koki mpya na kipande cha bomba, nimpe shilingi 20,000 akanunue asubuhi. Nilimpa. Asubuhi namba yake ilikuwa haipatikani, na kijiweni hakuonekana tena kwa wiki kadhaa.

Nimemfikiria sana kijana yule tangu wakati huo. Naamini hakuja kwangu na nia ya kuniibia. Aliharibu kitu kikubwa kuliko ujira wake, hakuwa na mtu mzima wa kumkimbilia amwulize, akaogopa. Hela nilimsamehe. Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyemfundisha kuwa bomba la chuma la zamani halilazimishwi, na kwamba lingeweza kuachwa likanywa mafuta ya taa usiku kucha kabla ya kuguswa.

Fundi wa pili niliunganishwa naye na mfanyakazi mwenzangu. Huyu alikuja na daftari, akapima, akaniandikia orodha ya vifaa, akaniambia ninunue mwenyewe ili nijue bei. Alikata lile bomba la chuma tangu kwenye mita mpaka karibu na bafu, akaweka la plastiki, na pale mwanzo akafunga koki mpya inayofunguka kwa vidole viwili. Kazi yake ilikuwa safi. Hakuna tone lililopita kwenye maungio yake mpaka leo. Nilimlipa shilingi 85,000 nikiwa na shukrani.

Alipokuwa anafunga mkoba wake nilimkumbusha koki ya uani. Aliiangalia kwa mbali. "Hiyo kazi ndogo, dada. Utapata mtu tu."

Kwa hiyo tulikuwa tumetumia zaidi ya shilingi 100,000, ukuta umetobolewa, mpangaji wa mbele amelowa godoro, na Mama bado anaamka usiku kubadilisha ndoo.

Siku kama nane baadaye binti yangu wa miaka 12 alifungua friji baada ya kutoka kuoga, miguu mitupu, sakafu ina maji. Alipiga kelele ambayo sijaisahau. Alisema friji imemng'ata. Nilishika mlango wake mimi mwenyewe kwa mgongo wa kiganja, nikahisi ule mtetemo unaopanda mpaka kwenye kiwiko. Friji ile tumekuwa nayo miaka sita, ilikuwa haijawahi kumpiga mtu shoti.

Fundi umeme aliyekuja aligusisha testa kwenye bodi ya friji, taa yake ikawaka. Akasema friji mbovu, niite fundi friji. Fundi friji aliifungua, akaipima, akasema friji nzima, ubovu uko kwenye umeme wa nyumba. Kila mmoja alichukua hela ya kuja kutazama. Niliichomoa friji, nikaweka kiti mbele yake watoto wasiikaribie, na kwa wiki mbili tukarudi kununua samaki wa siku moja moja.

Namba ya fundi mzuri haitolewi ovyo mjini hapa. Watu wanakupa namba ya daktari, ya wakili, hata ya mtu wa kutafutia chumba, lakini fundi mwaminifu wanamficha, kwa sababu akijulikana sana wao hawatampata tena. Niliipata yangu msibani, Mwananyamala, tumekaa kwenye mkeka tukichambua mchele. Nilimsimulia shangazi habari ya friji kwa sauti ya chini. Alinitazama usoni kwa muda, kisha akachukua simu yangu akaiandika namba mwenyewe. "Usimpe mtu," akasema. "Na ukimpigia, mwambie koki, mwambie friji, mwambie na mlango wa jiko unaokwama. Mwambie vyote."

Nilimpigia usiku ule ule. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza swali moja tu: kuna watoto ndani ya nyumba? Nikasema wapo watatu, na wa wapangaji wawili. Akasema atakuja kesho kutwa, nisiichomeke friji, na akafika siku aliyoisema.

Ni mzee mfupi, kofia ya viua, begi la turubai lililoshonwa mara nyingi. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Mama yupo?" Alimsalimia Mama kwanza, wakaulizana kwao wapi na wapi mpaka wakakutana kwenye jina la mtu wa Korogwe waliyemjua wote wawili. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna fundi aliyetangulia kuliuliza: "Nyumba hii imeguswa nini siku za karibuni?"

Nikamsimulia. Hakufungua begi. Alizunguka nyumba kwa karibu saa nzima, mikono nyuma. Alitazama mita ya maji, akatazama meni swichi ya umeme ukumbini, akafuata waya kwa macho mpaka ulipoingia darini, akatoka nje kuutafuta upande wa pili. Binti yangu alimfuata kila hatua. Nyuma ya bafu alichuchumaa, akafuta tope kwenye ukuta kwa kidole gumba. Palikuwa na kipande cha bomba la chuma la babu, kiasi cha dhiraa moja, kimebaki ukutani hakijaungwa na kitu huku wala huku. Juu yake kulikuwa na kibanio cha chuma, na kwenye kibanio waya wa kijani.

"Basi," akasema. Akamwita Mama aje naye aone.

Alitueleza polepole. Umeme ukivuja kidogo ndani ya chombo, kwa unyevu au kwa uchakavu, unatafuta njia ya kwenda ardhini. Ule waya wa kijani ndio njia tunayoupa. Mafundi wanauita ethi. Zamani, waliofunga umeme kwenye nyumba kama yetu walilitumia bomba la maji kuwa ndiyo ardhi yenyewe, kwa kuwa lilikuwa chuma tupu kutoka nyumbani mpaka mtaani, limezikwa kwenye udongo. Friji yetu huenda imekuwa ikivuja kidogo muda mrefu, na bomba la babu likawa linaumeza mvujo huo kimya kimya. Siku tulipokata chuma tukaweka plastiki, njia ilikatika. Umeme haupiti kwenye plastiki. Ukabaki kwenye bodi ya friji unamngoja mwenye miguu iliyolowa.

Nilikaa chini kwenye kizingiti cha bafu. Fundi wa pili hakukosea kitu katika kazi yake ya maji. Fundi umeme aliona umeme, fundi friji akaona friji. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha nyumba, na mwanangu alikuwa anaishi katika nyumba nzima.

Mzee hakuugusa umeme siku ile, na hilo ndilo lililonifanya nimwamini moja kwa moja. Alisema kufunga umeme kwa sheria kunataka mtu mwenye leseni ya EWURA, yeye hana, ila ana mwenzake anayo. Alizima meni swichi, akatuonyesha jinsi ya kuizima sisi wenyewe gizani, hata binti, na kesho yake akarudi na huyo mwenzake. Walichimba kona ya ua, pale maji ya kufulia yanapomwagwa ili udongo uwe na unyevu muda wote, wakagongomea fimbo ndefu ya shaba mpaka ikabaki ncha tu, wakaiunganisha na ule waya. Wakaongeza na swichi inayojikata yenyewe umeme ukianza kutoroka. Walipoiwasha friji, mzee aliishika kwa mkono wake kwanza, viatu kavua, amesimama kwenye sakafu iliyolowa. Nilimkataza, akaniambia mwenzake ameshapima kwa mashine, hakuna kitu. Ndipo akamruhusu binti aishike.

Kisha akaenda kwenye koki ya uani.

Alifunga maji kwa vidole viwili, akafungua kichwa cha koki, akatoa washa. Kilikuwa kipande cha mpira chenye upana wa kucha ya kidole gumba, kimekakamaa kama ganda la korosho, kimechimbika mfereji katikati. Alitoa kopo la kahawa kwenye begi, ndani yake washa za kila kipimo, akachagua moja. Bei yake ni shilingi 500. Koki nzima nayo ilikuwa inalegea ukutani, kwa hiyo akaifungua, na nyuzi za bomba lililobaki pale zilikuwa zimeliwa na kutu. Ile tepu nyeupe ya mabomba akaiacha. Akatoa fungu la katani na kikopo cha rangi ya mafuta.

Binti akauliza kwa nini asitumie tepu. Mzee akampa fungu alishike. Kwenye chuma kilicholiwa tepu inachanika, akamwambia. Katani inajaza kila shimo, na ikilowa inavimba, ikivimba inabana. Akamfundisha kuizungusha kufuata upande ambao koki itakazwa, kwa kuwa ukikosea inajikusanya na kutoka nje. Aliyajua haya tangu akiwa mwanagenzi kwenye karakana ya shamba la mkonge huko Korogwe, miaka ambayo kamba, magunia na hata maungio ya mabomba yote yalitoka kwenye jani lile moja. Akamwambia na asili yake: mkonge si mmea wa kwetu, uliletwa kwa meli mwaka 1893 na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf, ukapandwa karibu na Pangani, na miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Binti alikuwa anazungusha katani huku mdomo wazi. Yeye ndiye aliyeikaza koki mara ya mwisho, mzee ameshika mkono wa spana pamoja naye.

Kazi ile ilichukua dakika kumi, au kumi na tano kwa sababu ya hadithi.

Nilimuuliza jambo lililokuwa linanisumbua tangu masika. Mafundi wote wale, nguzo zote zile, kwa nini hakuna aliyetaka kuja kutengeneza koki? Hakuwalaumu. Alisema yeye anakaa Mbagala. Kuja Magomeni ni mabasi mawili, na foleni. Akifika, kazi ni dakika kumi. Akiondoka, asubuhi imekwisha, na fundi aliyekwenda saiti ameshaandikiwa posho ya siku nzima. "Wewe unahesabu washa, mwanangu. Mimi nahesabu siku." Wengi wakiitwa kwa kazi ndogo wanajua watalipwa washa na soda, kwa hiyo hawaji, au wanakuja wanaharakisha, au wanaifanya ndogo iwe kubwa ili iwalipe. Kijana yule wa kwanza, alisema, alikuwa anaharakisha.

Nilinyamaza, maana ni kweli. Nilikuwa nimepatana na kijana yule kutoka 15,000 mpaka 10,000, na nilirudi nyumbani nimefurahi.

Tangu hapo tunafanya hivi. Daftari limening'inizwa kwa uzi nyuma ya mlango wa ukumbi. Kitu kikiharibika, aliyekiona anakiandika: bawaba ya dirisha, swichi inayocheza, bati linalopiga kelele upepo ukija, kitasa. Hatumwiti mtu kwa kila kimoja. Jumamosi ya kwanza ya mwezi mzee anakuja asubuhi, analisoma daftari amesimama, anazunguka nyumba kama ile mara ya kwanza, kisha anaanza. Tunamlipa siku, iwe daftari limejaa au lina mistari miwili. Majirani wawili wameomba kuingia kwenye siku hiyo hiyo, tukagawana malipo, kwa hiyo anatoka Mbagala mara moja na kuhudumia nyumba tatu. Shangazi alinikasirikia kwa kuigawa namba. Bado hajanisamehe sawasawa. Na mara ya tatu mzee alikuja na kijana wa kumbebea begi, na nilipotazama vizuri nilimjua: ni yule aliyelala kwenye tope mbele ya mita yetu. Sijui walikutana wapi, sikuuliza. Aliniamkia macho chini. Nikamkaribisha chai pamoja na mzee wake.

Mama ana desturi zake. Zamani, anasema, fundi akimaliza kazi mwenye nyumba humpa kilemba juu ya ujira wake. Jumamosi iliyopita alifungua sanduku lake, akatoa noti alizokuwa amezikunja kwenye kitambaa kipya cheupe, akatoka nazo mpaka uani. Alimpa mzee kwa mikono miwili, akasema ni kilemba chake, kwa ajili ya mjukuu aliyetoka salama kwenye friji.

Mzee alikipokea kitambaa kwa mikono miwili, akakibusu, kisha akamrudishia. "Nitunzie kwanza, dada yangu. Kilemba ni cha kazi iliyokwisha. Mlango wa jiko bado unakwama."

Akapiga goti mbele ya mlango, akapitisha kidole chini ya ubao kutafuta ulipovimba, akaniomba nimmulikie tochi.